Kutoka Brashi hadi Pampu: Historia ya Mashine ya Kusafishia Santuri

Historia ya santuri kwa kawaida huandikwa kama historia ya waimbaji, ya makampuni yaliyorekodi sauti zao na ya vyombo vilivyozicheza, lakini ndani yake imo historia nyingine isiyotajwa sana, nayo ni ya jitihada za kuutoa uchafu ndani ya mfuo, yaani kile kijia chembamba kinachozunguka uso wa santuri kuanzia ukingoni hadi karibu na lebo ya katikati, ambamo sauti yote imehifadhiwa. Jitihada hizo zilianza kwa kitambaa na brashi, zikafikia mashine kubwa za maktaba na vituo vya redio, na hatimaye zikaingia katika karakana za nyumbani, ambako fundi huunganisha mota kuukuu, bomba la plastiki na kifyonza vumbi ili apate chombo cha kufanya kazi ileile. Katika safari yote hiyo swali gumu lilikuwa moja: baada ya uchafu kulowekwa na kulegezwa, utatolewaje ndani ya mfuo kabla maji hayajakauka na kuuacha palepale ulipokuwa?

Shelaki na sindano ya chuma

Emile Berliner, mvumbuzi mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, alipata hataza ya gramafoni mwaka 1887, na tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19 santuri za kuuzwa zilitengenezwa kwa shelaki, ambayo ni utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wanaoishi kwenye miti ya India na nchi za jirani, ukachanganywa na unga wa mawe na masizi ili uwe mgumu. Santuri hizo, ambazo baadaye zilitambulika kwa kasi ya mizunguko 78 kwa dakika, zilikuwa na mfuo wenye upana wa takriban milimita 0.15, na zilichezwa kwa sindano ya chuma iliyopaswa kubadilishwa baada ya kila upande, huku kichwa kilichoibeba kikiikandamiza santuri kwa uzito uliozidi gramu 100 katika gramafoni za kupiga kwa ufunguo. Kwa kuwa unga wa mawe uliomo ndani ya shelaki ulitoa mchakaro wake wenyewe, msikilizaji hakuwa na njia rahisi ya kutenganisha kelele ya vumbi na kelele ya mali ghafi, na kwa hiyo wengi waliridhika kupangusa santuri kwa kitambaa laini kabla ya kuicheza.

Hali ilibadilika mwezi Juni 1948, pale kampuni ya Columbia ilipoizindua mjini New York santuri ya kucheza kwa muda mrefu, ya kasi ya mizunguko 33⅓ kwa dakika, iliyotengenezwa kwa vinili, ambayo ni plastiki nyororo isiyo na unga wa mawe. Upana wa mfuo ulipungua hadi karibu milimita 0.06, upande mmoja ukaweza kubeba zaidi ya dakika 20 za muziki, na ule mchakaro wa zamani ukatoweka, hata kila chembe iliyobaki ndani ya mfuo ikasikika kwa mlio wake. Juu ya hayo, vinili ina tabia ya kujaa umemetuli, yaani chaji ya umeme inayokaa juu ya kitu kisichopitisha umeme baada ya kusuguliwa, na chaji hiyo huvuta vumbi kutoka hewani na kulishikilia. Upande wenye muziki wa dakika 20 una mfuo unaozidi mita 400 kwa urefu, na ukingoni sindano huupita kwa kasi ya karibu nusu mita kwa sekunde ikiwa imegusa kuta zake kwa eneo dogo mno, kiasi kwamba gramu mbili tu za uzito huzaa mgandamizo mkubwa sana. Chembe ya mchanga ikikutwa hapo hukwaruza vinili, na jeraha hilo haliponi hata santuri ikioshwa baadaye.

Brashi za Cecil Watts

Mtu wa kwanza kujulikana kwa kulichukulia tatizo hili kama fani yenye kanuni zake alikuwa Mwingereza Cecil E. Watts, mhandisi ambaye tayari alikuwa na jina kutokana na mashine zake za kurekodi moja kwa moja juu ya santuri, zilizotumiwa na shirika la utangazaji la BBC tangu miaka ya 1930. Watts aliuchunguza mfuo kwa hadubini, na katika miaka ya 1950 alitoa kifaa kilichoitwa Dust Bug, ambacho kilikuwa mkono mwepesi uliosimama kando ya ule wa sindano, wenye brashi ndogo ya nyuzi za nailoni na kiviringo cha mahameli, ukifagia mfuo mbele ya sindano wakati muziki ukiendelea. Brashi ililichokonoa vumbi na mahameli yakalishika, na unyevu mdogo uliotiwa kwenye mahameli ulisaidia kupunguza umemetuli.

Kifaa hicho kilienea kwa sababu kilikuwa rahisi kutumia, na kwa santuri mpya iliyotunzwa vizuri tangu siku ya kununuliwa kilitosha, kwani kazi yake hasa ilikuwa kuzuia vumbi lisijikusanye. Santuri iliyokwisha kushikwa na mafuta ya vidole, moshi wa sigara au ukungu ilihitaji zaidi ya kufagiwa, na hapo ndipo udhaifu wa njia zote za brashi ulipodhihirika, kwa kuwa brashi kavu huhamisha sehemu ya uchafu kutoka mahali pamoja hadi pengine, na brashi yenye maji huugeuza kuwa tope jembamba linalotelemka hadi chini ya mfuo na kuganda humo mara maji yanapokauka.

Umuhimu wa jambo hili haukuishia kwa wapenzi wa muziki. Mwaka 1959 Maktaba ya Bunge la Marekani ilichapisha utafiti wa A. G. Pickett na M. M. Lemcoe kuhusu uhifadhi wa sauti zilizorekodiwa, uliofanywa katika taasisi ya utafiti ya San Antonio, Texas, ambao ulieleza jinsi joto, unyevu, ukungu na vumbi vinavyoharibu shelaki, vinili na mali ghafi nyingine. Tangu hapo usafi wa santuri ulihesabiwa kuwa sehemu ya kazi ya uhifadhi wa kumbukumbu, sawa na utunzaji wa vitabu na hati.

Percy Wilson na fikra ya kufyonza

Jibu la swali la maji machafu lilitoka kwa Percy Wilson, mtu aliyekuwa ameandika kuhusu gramafoni kwa miongo kadhaa. Mwaka 1924, katika jarida la The Gramophone lililoasisiwa Uingereza mwaka uliotangulia, Wilson alieleza kwa hisabati namna mkono wa sindano unavyopaswa kupangwa ili sindano iufuate mfuo bila kupotoka sana, na kanuni zilizotokana na kazi hiyo zinatumiwa hadi leo. Alipofikia uzee aliligeukia suala la uchafu, na mwaka 1965 makala yake kuhusu sababu za kuchafuka kwa santuri na tiba yake ilichapishwa katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti cha Marekani.

Alichokipendekeza Wilson ni kuzitenganisha hatua mbili ambazo wengine walikuwa wakizichanganya. Katika hatua ya kwanza santuri hulowekwa na kusuguliwa kwa brashi laini kufuata mwelekeo wa mfuo, ili mafuta yayeyuke na chembe zielee, na katika hatua ya pili pampu ya kufyonza, yaani pampu inayovuta hewa kwa nguvu kupitia tundu dogo, huyanyonya maji yote pamoja na uchafu wake, ili santuri ikauke bila kubakiwa na kitu. Kukausha kwa kitambaa hakuwezi kuleta matokeo hayo, kwa sababu nyuzi za kitambaa ni nene kuliko mfuo na hugusa sehemu ya juu tu, ilhali hewa inayokwenda kwa kasi hufika hadi chini kabisa na kuyabeba maji yaliyomo.

Fikra hiyo ilitiwa katika mashine ya biashara na Keith Monks, Mwingereza mwingine, aliyeanza kuuza mashine yake mwaka 1969 na kuwapata wateja wa mwanzo katika utangazaji na uhifadhi wa kumbukumbu, wakiwemo BBC. Ndani ya sanduku lake mlikuwa na sahani ya kuzungushia santuri, pampu ya kuleta maji ya kuoshea, brashi, na mkono mwembamba wenye mdomo mdogo uliosafiri polepole kutoka kwenye lebo hadi ukingoni huku santuri ikizunguka. Ili mdomo huo usiikwaruze santuri, uzi mwembamba wa nailoni ulipitishwa kati yake na uso wa santuri, na uzi wenyewe ulikuwa ukivutwa kidogo kidogo kutoka kwenye kibiringo na kumezwa na pampu, hivi kwamba kila sehemu ya mfuo ilikutana na uzi mpya usio na uchafu wa sehemu iliyopita. Maktaba ya Bunge la Marekani nayo ilizitumia mashine za aina hiyo. Hata hivyo, chombo chenye pampu mbili, mikono miwili na kibiringo cha uzi hakingeweza kuwa na bei ya kawaida, na kwa muda mrefu kiliendelea kuwa mali ya taasisi na ya wafanyabiashara wa santuri.

Bomba lenye mwanya na fundi wa nyumbani

Mlango wa ufundi wa nyumbani ulifunguka mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati kampuni mbili za Marekani, VPI na Nitty Gritty ya California, zilipotoa mashine zilizoacha mdomo wenye uzi na kutumia mwanya mrefu uliofyonza upana wote wa eneo lenye mfuo kwa mara moja. Katika mashine ya VPI iliyoitwa HW-16, bomba lenye ufa mwembamba lililazwa juu ya santuri kutoka karibu na lebo hadi ukingoni, kingo za ufa zikavikwa mahameli ili zisikwaruze, na mizunguko michache tu ilitosha kukausha upande mzima. Muundo huo ulikuwa na sehemu chache kiasi kwamba yeyote aliyeutazama kwa makini aliweza kuuelewa, na wapenzi wengi wa santuri ambao hawakuweza kulipa bei ya dukani waliona kwamba vifaa vyake vinapatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi na katika vyombo vibovu vilivyotupwa.

Mashine ya kujitengenezea kwa kawaida huwa na sehemu nne. Sehemu ya kwanza ni sahani inayozunguka pamoja na mota yake, na hapa wanaoanza hukutana na kikwazo cha kwanza, kwa maana mota ya gramafoni ya kawaida imetengenezwa ili izunguke kwa utulivu bila kubeba mzigo, na ikikandamizwa kwa brashi au kushikwa na mvuto wa bomba husimama. Kwa hiyo mafundi wengi huchagua mota yenye gia za kupunguza mwendo, ambayo huzunguka polepole lakini kwa nguvu, na wengine huizungusha sahani kwa mkono. Sehemu ya pili ni bomba la kufyonza, ambalo hukatwa kutoka bomba jembamba la plastiki la maji, likazibwa mwisho mmoja, likapasuliwa mwanya wa upana wa milimita chache kwa urefu wa eneo lenye mfuo, kisha vipande viwili vya mahameli vikabandikwa pande zote mbili za mwanya. Mwanya ukiwa mpana mno hewa hupoteza kasi na maji hubaki, na ukivuka mpaka wa mfuo hadi juu ya lebo, karatasi yake hulowa na kuchanika.

Sehemu ya tatu ni chanzo cha mvuto, na hapa tahadhari ni jambo la uhai, kwa kuwa kifyonza vumbi cha kawaida hupitisha hewa yake kwenye mota, hivyo kikivuta maji huweza kuungua au kumpiga mtumiaji shoti ya umeme. Kinachofaa ni kifyonza kilichoundwa kwa ajili ya kuvuta maji pamoja na vumbi, na bado ni busara kuweka katikati ya bomba na kifyonza sehemu ya nne, ambayo ni mtungi wa kunasia maji, yaani chombo kilichofungwa chenye njia mbili juu yake, ambamo maji huanguka chini na hewa peke yake ikaendelea na safari. Fundi anayejua kazi yake hafyonzi zaidi ya mizunguko miwili au mitatu, kwani hewa na mahameli yakiendelea kupita juu ya vinili iliyokwisha kukauka huzaa umemetuli upya, na santuri iliyotoka safi huanza kuvuta vumbi kabla haijarudishwa ndani ya jalada lake.

Maji, sabuni na spiriti

Mashine iliyotengenezwa kwa ustadi bado haitafaa kitu kama maji yake ni mabaya. Maji ya bomba na ya kisima yana madini yaliyoyeyuka, na yakikauka huacha utando wa chumvi na chokaa ndani ya mfuo, jambo ambalo ni zito zaidi kwa visima vya mwambao ambavyo maji yake hupita katika miamba ya matumbawe. Kwa sababu hiyo hutumiwa maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kwa moto na mvuke huo ukapozwa ukawa maji tena, yakiacha madini nyuma. Maji hayo peke yake hayaingii vizuri ndani ya mfuo, kwani mvutano wa uso wake, ambayo ni nguvu inayoyafanya maji yajikusanye kuwa matone, huyazuia kutandaa juu ya vinili, ndiyo maana huongezwa matone machache ya dawa ya kuupunguza mvutano huo. Maktaba za kumbukumbu zimezoea kutumia dawa zisizo na harufu wala rangi, na sabuni ya vyombo haipendekezwi kwa kuwa mara nyingi hutiwa manukato na viungo vingine vinavyobaki ndani ya mfuo.

Suala la spiriti linahitaji uangalifu wa pekee. Kiasi kidogo cha spiriti ya isopropili katika maji hutumiwa na wengi kwenye vinili, kwa sababu huyeyusha mafuta na kuharakisha kukauka, ingawa mvuke wake hushika moto kwa urahisi na haupaswi kukaribia mota inayotoa cheche. Kwenye shelaki spiriti ni sumu, na sababu yake inajulikana kwa kila fundi seremala, ambaye huchukua shelaki hiyohiyo akaiyeyusha ndani ya spiriti ili apate vanishi ya kupaka samani. Santuri ya mizunguko 78 ikioshwa kwa spiriti, uso wake wenye sauti huyeyuka. Aina ya tatu, nayo ni zile sahani za alumini zilizopakwa tabaka la laka ambazo vituo vya redio vilizitumia kurekodia moja kwa moja, haifai kuoshwa na fundi wa nyumbani kabisa, maana tabaka hilo hupasuka na kubanduka kwa uzee, na mvuto wa pampu unaweza kulimaliza.

Katika muongo wa 2010 ilienea njia nyingine, ambayo ni kuizungusha santuri polepole ndani ya birika la maji linalotikiswa kwa mawimbi yenye mitetemo kama 40,000 kwa sekunde, mingi kuliko inavyoweza kusikiwa na sikio la binadamu. Mitetemo hiyo huzaa viputo vidogo mno ambavyo hupasuka mara vinapoundwa, na mpasuko wake huung'oa uchafu hadi chini ya mfuo bila brashi kugusa. Mafundi wa nyumbani waliiga njia hii pia, wakachukua mabirika ya aina inayosafishia vyombo vya maabara, wakaweka juu yake mhimili unaozungushwa na mota ndogo. Mitetemo hiyo huyapasha maji joto, na vinili hupinda ikipata joto kupita kiasi, kwa hiyo kazi husimamishwa maji yanapoanza kuwa ya moto. Na kwa kuwa birika halina uwezo wa kuondoa kile lilichokilegeza, wengi bado humalizia kwa bomba la kufyonza, na hivyo hatua ya pili ya Wilson ikabaki na nafasi yake.

Sauti za Kiswahili zilizomo katika mfuo

Wasomaji wa Kiswahili wana sababu yao wenyewe ya kuijali historia hii. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad wa Unguja na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi kwa ajili ya lebo ya His Master's Voice, na santuri zao za shelaki zilisambaa Afrika Mashariki na kufungua biashara ambayo haikuwapo kabla yake kwa lugha hii. Mwaka 1952 mkusanyaji wa muziki wa Afrika, Hugh Tracey, alimrekodi mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda huko Katanga, Kongo, na gitaa lake lililoandamana na maneno ya Kiswahili likawafikia wasikilizaji wa mbali kupitia santuri. Baadaye zikaja santuri ndogo za mizunguko 45 za Nairobi na Mombasa, zikiwemo za lebo ya Mzuri iliyokuwa ya duka la Assanand na Wanawe, ambazo zilibeba taarabu na dansi hadi majumbani na mikahawani.

Nyingi kati ya santuri hizo zimekaa miongo kadhaa katika unyevu na chumvi ya mwambao, ambako ukungu huota ndani ya majalada na vumbi jekundu la bara hujaza mifuo ya zile zilizosafiri, na pale ambapo kanda mama, yaani kanda ya kwanza iliyorekodiwa studioni, imepotea, santuri yenyewe ndiyo asili pekee inayoweza kunakiliwa. Anayetaka kuinakili kwa kompyuta huku ikiwa chafu huhifadhi kelele pamoja na wimbo, na programu za kuondoa kelele humlazimisha kukata sehemu ya sauti ya mwimbaji, ilhali kuosha vizuri kabla ya kunakili hurudisha sauti hiyo bila kupunguza chochote. Ndiyo maana mashine ya kujitengenezea ina thamani kubwa hasa kwa mkusanyaji mdogo, kituo cha utamaduni au familia iliyorithi santuri za wazee, ambao hawatanunua chombo cha bei ya taasisi lakini wanaweza kumwita fundi wa mtaani akawaundia chombo kinachofuata kanuni zilezile.

Kanuni hizo ni chache, na historia ya zaidi ya nusu karne imezipima: kuijua kwanza mali ghafi ya santuri ili shelaki isikutanishwe na spiriti, kutumia maji yasiyo na madini, kusugua kwa kufuata mfuo, na kuyafyonza maji machafu yangali majimaji. Watts alionyesha kwa hadubini adui yuko wapi, Wilson akaeleza namna ya kumtoa, Monks akaunda mashine ya kumtoa, na mafundi wasiojulikana kwa majina wakaipunguza mashine hiyo hadi ikawa kazi ya siku chache kwa mtu mwenye msumeno, gundi na subira. Urithi wa sauti za Kiswahili uliomo katika shelaki na vinili hauna haja ya kungoja fedha nyingi ili uokolewe. Unahitaji watu wanaozijua kanuni hizo na walio tayari kuzifuata kabla ya sindano kuteremshwa tena juu ya mfuo mchafu.